Baba Mdogo aliyenilea anataka nisaini mzigo pungufu

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu lisitoke, wala mahali ninapofanya kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili na ni mtunza stoo katika hospitali ya umma. Mzigo ukiingia naupokea, nauhesabu, nauandika kwenye leja, halafu wodi zikihitaji nautoa. Ni kazi isiyo na sifa. Daktari akiokoa mtu hushukuriwa, ila mtunza stoo hukumbukwa siku kitu kimekosekana.

Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, akanilea mdogo wake. Huyu Baba Mdogo hakunitofautisha na wanawe hata siku moja. Ada alilipa yeye, sare alinunua yeye, na nilipofaulu alilia kwa furaha kabla hata ya mama yangu. Alikuwa na usemi wake: "Mtu ni watu." Akimkuta mmoja wetu amejificha na kitu kizuri peke yake, alimwita mbele ya wote akamwuliza, wenzako uliwaacha wapi? Nimekua na usemi huo, na hadi leo nikipewa nafasi ya kuzungumza kwenye kikundi chetu cha akina mama, somo langu ni hilo hilo. Nawaambia wizi, rushwa na ujambazi vyote vina chanzo kimoja, mtu kujiona yuko peke yake duniani. Angehisi kwamba anayemwibia ni sehemu ya maisha yake, mkono wake ungerudi nyuma wenyewe. Wapo wanaocheka, lakini wengi hukubali.

Sasa Shangazi, kampuni ndogo ya Baba Mdogo ilipata zabuni ya kuleta vifaa hospitalini kwetu. Zabuni haziamuliwi na sisi wa stoo, kwa hiyo sikuwa na neno. Hivi karibuni akaleta mzigo wa glavu. Makatoni kwa nje yalitimia. Lakini mimi nina mazoea ya kufungua. Nikachukua boksi lililoandikwa 100, nikazimwaga glavu mezani, nikahesabu: 82. Boksi la pili, 79. La tatu nililitoa kwenye katoni nyingine kabisa, likawa na 80. Nikavaa moja na kuivuta kuelekea kwenye kifundo cha mkono kama wauguzi wanavyovuta, ikachanika penye kidole gumba. Ya pili ikafika vizuri. Ya tatu ikachanika pale pale.

Kamati ya mapokezi ina watu watatu. Wawili wameshasaini kwamba mzigo umepokelewa kamili na uko katika hali nzuri. Hawakufungua hata boksi moja. Sahihi iliyobaki ni yangu, na hati imelala kwenye droo ya meza yangu.

Nilimpigia Baba Mdogo na hakukataa. Jioni akaja nyumbani, akawaulizia wajukuu kwanza, akakaa nao, walipoondoka ndipo akasema: "Mwanangu, wewe saini tu, mzigo unaofuata nitajazia." Akanieleza kwamba vifaa alivyopeleka kwenye taasisi nyingine mwaka jana hajalipwa mpaka leo, na mkopo wa benki hausubiri. Na ili apate zabuni hii ilibidi "amwone mtu", na mtu huyo hakuridhika na kidogo. "Kilichopungua kwenye maboksi," akasema, "hakipo mfukoni mwangu. Kipo kwa aliyenipa karatasi." Mdogo wangu wa tumbo moja ndiye dereva wa gari lake. Wanawe wawili wako chuoni kwa ada inayotoka kwenye biashara hiyo hiyo. Alipofika mlangoni akageuka akaniambia neno ambalo halijanitoka hadi sasa: "Mimi sikukuhesabia nilipokuwa nakulea. Na wewe usinihesabie."

Mama anasema damu ni nzito kuliko maji, na hospitali si ya baba yangu. Mume wangu anasema niripoti, yaishe. Mwenzangu kazini anasema mali ya umma haina mwenyewe, nikijifanya mtakatifu nitahamishwa na mzigo utapokelewa vilevile.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba aliyenifundisha kuwa watu ni wamoja ndiye anayenitaka nifanye hivi. Je, somo langu ni uongo? Nikae naye nimkumbushe maneno yake mwenyewe, maana naamini moyo wake ukiguswa ataacha? Au nipeleke mbele? Nisiposaini, naiangusha familia iliyonibeba. Na nikisaini, ninamwumiza nani? Simjui. Shida yangu ndiyo hiyo, Shangazi, simjui.

Mwenye stoo

* * *

Marahaba mwanangu,

Pole sana. Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikairudia. Watu huniandikia kuhusu rushwa mara nyingi, lakini karibu kila mara mla rushwa ni mtu mwingine, bosi au jirani wasiyempenda. Wewe umeniandikia kuhusu mtu unayempenda. Kwa hiyo sitamwita mwizi, na wala sidhani ndicho unachotaka kusikia.

Nikikuelewa vizuri, umenibebesha mawili kwa pamoja. Lipo la hati iliyo kwenye droo, na lipo la imani yako: je, ni kweli kwamba watu wakijiona wamoja uovu unapungua? Unayachanganya kwa sababu aliyekupa imani ndiye aliyekuletea hati. Niruhusu nianze na la imani, kwa kuwa naona ndilo linalokunyima usingizi.

Somo lako si uongo. Wapo watafiti waliolipima, na matokeo yao yaliwashangaza hata wachumi. Mwaka 2019 lilichapishwa jaribio la pochi zaidi ya 17,000 zilizopelekwa mapokezi ya hoteli, benki, posta na ofisi nyingine katika miji 355 ya nchi 40, kana kwamba zimeokotwa. Ndani mlikuwa na kadi yenye jina la mwenyewe, orodha ya manunuzi, na pengine ufunguo. Nyingine zilikuwa na fedha, nyingine hazina. Mimi na wewe tungedhani zenye fedha zingepotea zaidi. Ikawa kinyume. Zisizo na fedha wenyewe walitafutwa kwa asilimia 40 hivi, zenye fedha asilimia 51. Na kilichonivutia zaidi ni ule ufunguo. Ufunguo hauna faida kwa aliyeokota, unamfaa mwenyewe tu, na pochi zenye ufunguo zilirudishwa zaidi kuliko zisizo nao. Yule mtu wa mapokezi hakumjua mwenye pochi. Lakini aliona jina, akaona orodha ya mtu anayejiandaa kwenda sokoni, akaona ufunguo wa mlango wa mtu. Mgeni akageuka kuwa mtu. Hilo ndilo unalowafundisha akina mama wa kikundi chako, na liko sawa.

Ila kuna jambo moja naomba tulitazame upya, taratibu. Unasema chanzo cha rushwa ni mtu kujiona yuko peke yake. Mtazame Baba Mdogo. Je, huyo ni mtu anayejiona yuko peke yake? Ana mtoto wa marehemu kaka yake aliyemlea kama wake. Ana wanawe chuoni, ana mdogo wako kwenye usukani. Nionavyo mimi, amebeba watu wengi kupita kiasi, na wote anawahisi. Undugu anao, tena wa kutosha. Umeishia tu pale penye lango la hospitali.

Mwaka 1975 msomi wa Nigeria, Peter Ekeh, aliandika kwamba Mwafrika wa baada ya ukoloni anaishi katika jamii mbili kwa wakati mmoja. Ipo ile ya ukoo na kabila, ambako mtu hutoa bila kudai risiti na huona aibu kula cha wenzake. Ipo na ile ya serikali, iliyoachwa na mkoloni, ambako kuchota si aibu kwa kuwa hakuna anayehisi ni yake. Na anayechota kule akapeleka huku, huku husifiwa. Baadhi ya wasomi wamembishia, na sidhani tabia hii ni ya Mwafrika peke yake. Lakini mwenzako kazini aliyekuambia mali ya umma haina mwenyewe, na mama yako aliyesema hospitali si ya baba yako, wamesema yale yale ya Ekeh bila kumsoma.

Kwa hiyo undugu una pande mbili, mwanangu. Ndio unaomfanya mtu asiibe, na ndio humfanya aibe, kwa ajili ya walio karibu. Kuna jaribio lingine linalonikera kila nikilikumbuka, kwa sababu najiona ndani yake. Mwaka 1995 mwanasaikolojia Daniel Batson na wenzake huko Marekani waliwasikilizisha watu mahojiano ya msichana mgonjwa aliyekuwa kwenye foleni ya kusubiri msaada. Kisa kilikuwa cha kutunga, wao hawakujua. Wakaulizwa: tumtoe tumweke mbele? Walijua kwamba mbele yake walikuwapo watoto wenye hali mbaya zaidi, au waliosubiri muda mrefu zaidi. Walioambiwa wasikilize kwa utulivu bila kuzama kwenye hisia, kama theluthi moja walikubali kumsogeza. Walioambiwa wajaribu kuhisi anavyohisi, karibu robo tatu walimsogeza. Hawakuwa watu wabaya. Waliingiwa na huruma, na huruma hiyo ikawaonea watoto ambao sauti zao hazikusikika chumbani.

Sasa rudi kwenye jioni ile nyumbani kwako. Aliyekuwa sebuleni ni nani? Baba Mdogo. Wajukuu walipita mbele yenu. Mdogo wako, wanawe walioko chuo, mkopo wa benki, wote walitajwa. Ambaye hakuwapo ni yule wa upande wa pili wa glavu, na wahenga walishasema asiyekuwapo na lake halipo. Umeniambia humjui. Nadhani unamjua kuliko unavyojiambia, kwa sababu mikono yako imeshaivaa ile glavu.

Fuata boksi moja tu. Linatoka stooni kwenda wodi ya wazazi. Muuguzi anavaa, inachanika penye kidole gumba, damu ya mama anayejifungua iko kwenye ngozi yake. Kesho yake anajifunza kuvaa mbili mbili, na boksi lililopaswa kuwa na 100 lakini lina 80 linamalizika kama lenye 40. Kabla mwezi haujaisha unaandika kwenye leja kwamba glavu zimekwisha. Ndugu wa mgonjwa anaambiwa usiku akanunue nje. Hapo wameshapungukiwa watu wangapi? Na glavu hulinda pande mbili, anayevaa na anayeguswa, kwa hiyo hata muuguzi yule mnayesalimiana kila asubuhi yumo. Sikutajii haya ili nikutie hofu. Nayataja kwa sababu umeniuliza ni nani, na hiyo orodha ndiyo ninayoiona mimi kutoka huku niliko. Wewe uliye ndani ya hospitali pengine unaiona ndefu zaidi.

Nenda pia upande wa nyuma. Kuna mtu "aliyeonwa". Kuna taasisi iliyochukua vifaa mwaka jana ikakaa bila kulipa. Baba Mdogo aliumizwa kabla hajaumiza, na sidhani ni haki kuwasahau hao kwa kuwa tu yeye ndiye aliye mbele yako. Mtu wa ofisini anayekalia malipo ya mfanyabiashara mdogo pengine hajawahi kufikiri kwamba kalamu yake inafika hadi kidole gumba cha muuguzi. Ikiwa tunasema watu wameunganishwa, basi na madhara yanasafiri njia hizo hizo. Lakini angalia mnyororo huo unavyokwenda. Kila mmoja ana aliyemkandamiza na kila mmoja ana wa kumsukumia, na leo umefika kwenye meza yako.

Umeniuliza kama ukimkumbusha maneno yake moyo wake utaguswa aache. Nakuuliza nami: je, haujaguswa tayari? Alipopigiwa simu hakukataa, na akaja mwenyewe. Mtu mwenye moyo mgumu angemtuma mtu, au angekaa kimya. Mimi nahisi anajua. Shida ya mioyo ni kwamba inaweza kuguswa na bado ikashindwa na deni la benki.

Ndiyo maana siwategemei wanaosema tubadilishe mioyo tu, wala wanaosema tuweke sheria kali tu. Kisa cha New York kinanifunza yote mawili. Huko ndiko yaliko makao makuu ya Umoja wa Mataifa, na kwa miaka mingi wanadiplomasia hawakuweza kulazimishwa kulipa faini za kuegesha magari vibaya. Wachumi Raymond Fisman na Edward Miguel walipochambua rekodi, walikuta faini zaidi ya 150,000 ambazo hazikulipwa kati ya mwisho wa 1997 na mwisho wa 2002. Lakini Norwe na Uswidi hawakudaiwa hata moja, ingawa nao wangeweza kukaidi bila kufanywa kitu. Waliotoka kwenye nchi zilizozoea rushwa ndio waliolimbikiza. Hapo unaona kwamba mazoea ya moyo yana uzito wake. Halafu Oktoba 2002 jiji likaanza kuwanyang'anya namba za gari wenye madeni, na makosa yakashuka kwa takriban asilimia 98. Watu ni wale wale, mioyo ni ile ile. Kilichoongezeka ni mtu wa kuwaambia hapana.

Kwenye stoo hiyo, mtu huyo ni wewe na ile hati. Kamati yenu ina sahihi tatu kwa sababu waliopanga utaratibu walijua kwamba siku moja msambazaji atakuwa baba mdogo wa mtu.

Sasa hati yenyewe. Nakuwekea njia ninazoziona, pamoja na miiba yake. Kuchagua ni kwako.

Njia ambayo watu wengi husahau ni kuandika kilichofika. Hati ya kupokelea mzigo si lazima iwe ya kukubali au kukataa vyote. Katika stoo nyingi unaruhusiwa kuandika kilichopokelewa, kilichopungua na kilichokataliwa kwa ubovu, na msambazaji akapewa muda wa kujazia. Uzuri wake ni kwamba ile ahadi ya "nitajazia" inaingia kwenye karatasi badala ya kubaki sebuleni kwako. Baba Mdogo akijazia kweli, biashara yake inaendelea. Mwiba wake ni wale wawili waliokwisha saini. Hesabu yako itawaumbua, na mtu aliyeumbuliwa hutafuta wa kumwangusha. Ukiiendea njia hii, fikiria kuwaita kwanza mfungue maboksi pamoja, wenyewe wahesabu kwa mikono yao, wapate nafasi ya kurekebisha kabla karatasi haijatoka. Huenda wakakataa. Huenda wakashukuru, sijui watu wenyewe.

Nyingine ni kujitoa. Wewe ni binti wa kulelewa wa msambazaji, na katika taasisi nyingi hilo peke yake linatosha kuitwa mgongano wa maslahi, ambao unatakiwa utangazwe kwa maandishi, hata mzigo ungekuwa kamili. Unamwandikia mkuu wako kwamba msambazaji ni ndugu yako, unaomba mtu mwingine apokee. Hii inakulinda wewe, na hata mbele ya Baba Mdogo una la kusema, kwamba hukumshtaki. Lakini nikuulize kwa upole: atakayepewa nafasi yako atafungua boksi? Kama hatafungua, mikono yako itakuwa safi na glavu zitakuwa zile zile. Waweza kujitoa na bado ukaambatanisha hesabu ya maboksi matatu uliyofungua. Hapo tena haitakuwa kujitoa kimya kimya, na Baba Mdogo atajua imetoka kwako.

Kuripoti, kama anavyosema mume wako. Ni haki yako, na huenda kisheria ni wajibu wako pia, jambo ambalo ni vema ulijue kabla hujachagua kunyamaza. Mume wako hakosei, ila pengine anasema "yaishe" kana kwamba ni siku moja. Haiishi siku moja. Kuna mahojiano, kuna maelezo, kuna mama yako. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa wa mwaka 2003, kifungu cha 33, unazitaka nchi zifikirie kuweka ulinzi kwa wanaotoa taarifa kwa nia njema. Zifikirie, mwanangu, hivyo ndivyo kilivyoandikwa, na kila nchi imefikiria kwa namna yake. Kabla hujaenda, uliza kwa mwanasheria, au kwenye chama chenu cha wafanyakazi kama kipo: sheria yetu inanilinda vipi, jina langu litakaa wapi, ushahidi gani nibaki na nakala yake? Na ukiripoti, tambua kwamba una la kusema kuhusu yule "aliyeonwa" pia. Kesi ikiishia kwa Baba Mdogo peke yake, wa juu atatafuta msambazaji mwingine.

Kuzungumza naye kwanza, hilo unalolitaka wewe. Naona uzuri wake. Katika nchi kadhaa, New Zealand ikiwa ya mfano kwa vijana tangu sheria yao ya mwaka 1989, aliyekosa hukalishwa na ukoo wake pamoja na aliyekosewa, wakatazamana. Anayesikia madhara kwa mdomo wa aliyeumia husikia kitu ambacho hakimu hawezi kumwambia. Lakini pale aliyeumia huwepo. Ukikaa na Baba Mdogo mkiwa wawili tu, yatajirudia ya jioni ile, yeye na wewe na historia yenu, na upande wa pili mtupu. Unaweza kubeba maboksi matatu ukamwomba ahesabu mwenyewe na kuivuta glavu mkononi mwake? Ila zile ni mali ya hospitali, usitoe kitu stooni bila utaratibu, bora aje yeye. Jihadhari pia usimwahidi kitu. Mazungumzo ya faragha na msambazaji wakati hati iko kwenye droo yako yanaweza kusomwa vibaya baadaye, hata kama yalikuwa ya machozi tu.

Na kuna kusaini. Siwezi kujifanya haipo, maana ndiyo inayokuita kila ukifungua droo. Sahihi yako itasema umepokea kamili na katika hali nzuri, na ikija siku ya ukaguzi, wale wawili watasema walimwamini mtunza stoo. Baba Mdogo anasema atajazia kwenye mzigo unaofuata. Swali ninalokuachia ni atajazia kwa fedha ipi, ikiwa huu umepungua kwa sababu ya mdai na "mtu", na wote wawili bado wapo.

Kukaa kimya na hati kwenye droo nako ni kuamua, kwa sababu wodi zinahitaji glavu. Sina la zaidi hapo.

Nimeliacha mwisho lile neno la mlangoni, kwa kuwa ndilo zito. "Sikukuhesabia, usinihesabie." Nikikaa kwenye kiti chako ningelia. Ni kweli hakukuhesabia. Lakini alikulea kwa jasho lake, alitoa kilicho chake. Anachokuomba sasa utoe si chako. Deni la malezi lipo, na mtoto mwema hulilipa. Ungeweza kulilipa kwa mshahara wako, kwa kumsaidia kuandika barua za kudai malipo yake ya mwaka jana, kwa kuketi naye benki kuomba muda, kwa kubeba ada ya mmoja wa wanawe kwa muhula. Sijui uwezo wako, huenda ni mdogo. Nasema tu kwamba kumkatalia hati na kumkatalia Baba Mdogo ni mambo mawili, ingawa siku ya kwanza yeye atayaona moja. Pengine hata mwaka wa kwanza.

Na usiache kuzungumza kwenye kikundi chako. Ningependa tu siku moja uwaulize akina mama swali ambalo Baba Mdogo alikuwa akiwauliza nyinyi, wenzako uliwaacha wapi, halafu muone orodha ya wenzao inaishia kwa nani.

Vyovyote utakavyoelekea, mdogo wako anayeendesha gari asisikie kwa watu. Mwambie wewe, kabla. Na leo hii, kabla hujaamua lolote, fungua leja uandike ulichokikuta: tarehe, namba za makatoni uliyofungua, 82, 79, 80, na zile glavu mbili zilizochanika. Hakikufungi kuelekea upande wowote, ila kumbukumbu ya macho huanza kupinda mapema watu wakianza kukubembeleza. Ukishaandika, lala usiku mmoja, kisha unijulishe umesimama wapi.

Shangazi yako